Je, Wajua Kwa Nini Rangi ya Batiki Haichuji?

Mtoto aliyekulia Mtwara au Lindi anaijua adhabu ya bibo. Unalila chini ya mkorosho, maji yake yanakudondokea kifuani, na hujali, kwa sababu yanakaribia kutokuwa na rangi. Jioni mama anaishika shati na pale palipodondoka pana doa la kahawia. Sabuni ya mche, limau, jua la siku mbili, bado lipo.

Mimi lilinijia swali kwa upande wa pili. Nilitaka kutia rangi fulana nyeupe za mtumba, nizifunge na kuzichovya zitoke na maua. Nikanunua kipakiti cha rangi ya ukili, ile inayotiwa kwenye miyaa ya kusukia mikeka, unga unaong'aa kijani ukiwa mkavu na ukigusa maji unakuwa mwekundu mkali. Nikachemsha, nikachovya fulana nne, zikatoka zimekolea vizuri mno. Kufua mara ya kwanza tu, beseni zima likawa jekundu, kanzu nyeupe iliyokuwamo ikatoka ya waridi, na fulana zenyewe zikabaki na rangi ya juisi ya rozela iliyozidishwa maji.

Shangazi yangu wa Mikindani, aliyefanya kazi ya batiki miaka mingi, alizigeuza zile fulana mkononi akasema: "Hii rangi ya mkeka, mwanangu. Ukili unaishika. Pamba haina habari nayo."

Basi kwa nini bibo, ambalo hukulitaka, linakaa? Na kwa nini rangi ya ukili, uliyoitaka, inaondoka? Na batiki ya shangazi inafuliwa miaka mitano na bado inang'aa, kuna nini mle?

Nianze na ukili, maana hauna maneno mengi. Jani la mmea lina kitu kinachoitwa lignini, gundi inayoufanya mti uwe mgumu, na rangi nyingi za mikeka zinaing'ang'ania gundi hiyo. Pamba iliyosafishwa haina lignini. Karibu yote ni selulosi, kile kitu kinachounda nyuzi zenyewe. Rangi ya ukili ikifika pale inakosa pa kushika, inabaki juu juu, na maji ya kwanza yanaichukua.

Batiki inafuata njia nyingine kabisa, na hapa ndipo penye raha. Siku aliyonifundisha, shangazi alikuwa na ndoo ya plastiki, maji ya moto ambayo bado hayajachemka, na vitu vitatu: rangi yenyewe, kostiki soda, na unga mweupe wenye harufu kali kama kiberiti ambao jina lake refu ni sodiamu haidrosalfaiti, lakini watu wanafupisha tu, haidro. Kwanza alinionyesha rangi peke yake ndani ya glasi ya maji. Alikoroga, akaiacha. Unga ukazama chini kama mchanga wa Msimbati. Rangi hizi haziyeyuki majini. Nilimuuliza itaingiaje kwenye nguo kama haiyeyuki. Akasema subiri.

Akatia kostiki kwenye maji, akatia rangi, akanyunyizia haidro, akakoroga taratibu na kufunika. Baada ya kama robo saa yale maji yalikuwa safi, hayana chenga, na rangi yake haikuwa ile ya kwenye pakiti. Tulikuwa tunatia nili, bluu ya zamani, na ndani ya ndoo palikuwa na maji ya kijani kibichi kuelekea njano, na juu utando mwembamba wa bluu pale yalipogusana na hewa.

Haidro inaipa rangi elektroni, vile vichembe vidogo sana vya umeme. Ikishazipokea, umbo lake linabadilika, na ndani ya maji yenye kostiki inayeyuka, na tena inaipenda pamba. Sasa ni chembe moja moja, ndogo, zilizolainika, zinapenya hadi ndani ya nyuzi. Unaitoa nguo ndoono. Oksijeni ya hewani inazichukua zile elektroni, rangi inarudi kuwa ule ule mchanga usioyeyuka, lakini safari hii mchanga uko ndani ya uzi. Maji hayaiyeyushi. Sabuni haiiyeyushi. Wavuvi wataelewa haraka: ni samaki aliyeingia kwenye dema akiwa mwembamba, akanenepa humo humo.

Na unaiona ikitokea. Shangazi alivuta fulana kwa kijiti, imesokotwa na kukazwa, inachuruzika kijani. Aliiweka kwenye beseni tupu barazani. Mikunjo ya juu ikaanza kuwa bluu, kidogo kidogo, kama mtu anayepuliza rangi kutoka pembeni, na ukifunua mkunjo ndani bado kijani, unakigusa, unahesabu, nacho kinageuka. Nimeshaona mara nyingi tangu siku ile na bado naacha kazi nitazame. Si nili peke yake inayofanya hivyo. Ipo rangi ya njano ya aina hii ambayo ikiwa ndooni ni bluu nzito, na asiyejua anaweza kudhani amepewa pakiti isiyo yake.

Hapo ndipo bibo linapoingia. Maji ya bibo yana tanini na ndugu zake, chembe ndogo zinazoyeyuka, zisizo na rangi ya kuonekana. Zinaingia kwenye uzi zikiwa ndogo. Kisha oksijeni inazigeuza kahawia na kuziunganisha ziwe kubwa, mpaka haziwezi tena kutoka kwa maji. Ndiyo maana doa linaonekana baadaye, nawe umeshasahau. Kemia yake si ile ile ya batiki, lakini mtego ni mmoja: ingia mdogo, kutana na hewa, kaa. Kwa hiyo doa la bibo lioshe papo hapo kwa maji mengi, kabla hewa haijamaliza kazi yake.

Ujuzi huu ni wa zamani kwenye pwani yetu. Kilwa Kisiwani wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Kusini ya mdomo wa Ruvuma, kwenye visiwa vya Kerimba, Wareno wa karne ya 16 walikuta watu wakifuma vitambaa na kuvitia nili, na vitambaa hivyo, maluane, vikavipa visiwa jina kwenye maandishi yao. Bibi zetu wakavaa kaniki, ile nguo ya bluu nzito inayokaribia nyeusi. Nili ya majani ilitawala mpaka mwaka 1897, kampuni ya BASF ya Ujerumani ilipoanza kuuza nili ya kutengenezwa kiwandani. Mwaka 1901 mkemia wake René Bohn akapata bluu nyingine ya namna hiyo hiyo, ngumu zaidi kupauka, na kutoka hapo ikazaliwa familia nzima ya rangi zinazopitia njia ya ndoo, haidro na hewa. Neno batiki lenyewe limetoka Java, huko Indonesia, na kwao ni kazi ya nta. Sisi tunalitumia kwa yote mawili, ya mshumaa na ya kufunga.

Kufunga ni fizikia ya kawaida. Pale unapokaza, nyuzi zimebanana na maji ya rangi hayana njia. Lakini wengi hukosea jambo moja: wanafunga nguo kavu na kuitumbukiza kavu. Pamba kavu hufyonza kama utambi wa koroboi, rangi inapanda chini ya kamba, na ua lako linakuwa ukungu. Funga, kisha loweka kwenye maji matupu, kamua, ndipo uchovye. Uzi wa pamba ukilowa unavimba, kwa hiyo kifundo kinajikaza chenyewe, na mle ndani tayari pana maji, rangi haina pa kukimbilia.

Kwa kamba, mimi nachana viroba vya unga. Nyuzi za kiroba ni plastiki, hazinywi rangi, zinakaza sana, na ukizisuuza unazitumia tena. Ukitaka viduara, fungia kokoto za ufukweni ndani ya kitambaa, moja moja. Ukitaka mistari, kunja kama feni ya karatasi. Ukitaka lile jua linalozunguka kifuani, bana katikati ya fulana kwa vidole viwili na uisokote mpaka ikae kama ngata ya kubebea ndoo, kisha ifunge msalaba. Korosho ghafi usijaribu kuifungia badala ya kokoto: ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi na kutia doa lake mwenyewe.

Nguo ndiyo inayoamua kama utafanikiwa. Chomoa uzi mmoja uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na jivu lake linasagika kwa kidole. Tetroni, yaani poliesta, inajikunja, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Tetroni usiipotezee rangi. Uzi wake umebanana mno na hauna mapenzi na maji. Kitambaa kipya cha pamba nacho kina wanga wa kiwandani, unaousikia kikikwaruza mkononi, na wanga huo ukibaki rangi inashika wanga, kisha wanga unatoka na rangi. Kifue kwa maji ya moto na sabuni kwanza. (Pamba hiyo hiyo, Julai 1905 kule Nandete, Umatumbini, watu waling'oa miche yake waliyolazimishwa kuilima, na vita vya Majimaji vikaanza. Siwezi kuandika kuhusu pamba na mkoa wa Lindi nikalipita hilo.)

Wako wanaosema chumvi ndiyo inayoshikisha rangi, na kwa kuwa kwetu mashamba ya chumvi yako karibu, wanamwaga bila kipimo. Chumvi haishikishi chochote. Pamba iliyolowa na chembe nyingi za rangi zina chaji ya namna moja, kwa hiyo zinasukumana, na chumvi inapunguza kusukumana huko ili rangi isogee. Inasaidia zaidi kwenye zile rangi za maji baridi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, ambazo zenyewe zinaungana na selulosi moja kwa moja. Hizo ndizo wanazotumia sana Ulaya na Marekani wakifunga fulana kipindi chao cha joto. Manjano ya jikoni nayo inashika pamba vizuri bila dawa yoyote, ila jua linaimaliza, na ukiifua kwa sabuni inageuka nyekundu.

Sasa hatari, na hapa naomba usiharakishe. Kostiki soda inakula ngozi na inapofusha. Tia kostiki kwenye maji, kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya kostiki, yatachemka na kuruka usoni. Vaa glavu ndefu, funika macho na pua, kaa nje upande upepo unakotokea. Ikikurukia, mwagia maji mengi bila kukoma, na ikiwa ni jichoni endelea kumwagia huku mkitafuta hospitali. Sufuria ya alumini usiiguse kwa kazi hii: kostiki inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Na haidro haitaki unyevu. Hewa yetu ya pwani ina maji, pakiti ukiiacha wazi inaganda mabonge na kupoteza nguvu, na rundo lake likipata maji kidogo linaweza kujipasha moto mpaka likawaka. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko, juu, mbali na watoto.

Wakati mzuri kwetu ni baada ya mvua kwisha, kuanzia Juni hivi mpaka Oktoba. Kusi inavuma, hewa kavu, na kama ulivyoona, hewa ni sehemu ya mapishi, si ya kukaushia tu. Anika kivulini. Usikimbilie kufungua vifundo nguo ikiwa bado kijani; nyunyuzia maji, geuza, acha hewa ifike kila mkunjo. Ukitaka ikolee zaidi usiongeze muda ndooni: chovya, toa, acha igeuke, chovya tena. Kila mchovyo unaongeza tabaka lake.

Ikishageuka yote, suuza mpaka utelezi wa kostiki uishe vidoleni, kisha fua kwa sabuni na maji ya moto sana. Rangi itatoka kidogo hapo, usiogope. Hiyo ni ile iliyobaki nje ya uzi, haikuwahi kuingia. Maji ya tatu au ya nne yatakuwa meupe. Kisha kata kamba.

Kwenye fulana za mtumba utaona jambo moja: kitambaa chote kimekuwa bluu, lakini mishono ya mabegani na kwenye pindo imebaki myeupe pe, msitari kwa msitari. Uzi wa cherehani ulikuwa tetroni.