Draiva ya grafiki kwenye Linux: kabla hujapakua chochote

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimeshaweka Linux, draiva ya grafiki naipakua wapi?" Nami hulijibu kwa swali: kadi yako ya grafiki imetengenezwa na nani? Kama ni ya Intel au AMD, huna cha kupakua. Draiva ilikuja pamoja na mfumo, na huenda sasa hivi ndiyo inayokuchorea herufi hizi unazozisoma.

Mazoea ya Windows ndiyo yanayotuponza. Tumezoea kwenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza kadi, kushusha faili, kubofya mpaka mwisho, kisha tunazima na kuwasha. Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Nikashusha faili lenye mkia wa .run, nikalisakinisha kwa mkono, likakubali vizuri kabisa. Wiki chache baadaye likaja sasisho la keneli (kiini cha mfumo), nikawasha kompyuta, nikakutana na skrini nyeusi tii. Nilikesha nayo. Kumbe faili lile liliandika maktaba zake juu ya zile za distro (mfumo kamili wa Linux, kama Ubuntu au Fedora) bila kidhibiti vifurushi, yaani programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine, kujua, na moduli yake (kipande kinachoingia ndani ya keneli) ilijengwa kwa ajili ya keneli ya zamani tu. Kadi ilikuwa nzima. Aliyeivuruga ni mimi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitambua kadi. Fungua terminali uandike:

lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D|Display'

Tazama mstari wa "Kernel driver in use". Ukiona i915 au xe, hiyo ni Intel. amdgpu au radeon ni AMD. nouveau au nvidia ni NVIDIA. Laptopu nyingi zitakuonyesha kadi mbili. Usishtuke, nitalirudia hilo.

Sasa jambo ambalo ukilielewa, nusu ya matatizo utayatatua bila kumwuliza mtu. Draiva ya grafiki si kitu kimoja. Upande mmoja unaishi ndani ya keneli: ndio unaowasha skrini, unaogawa kumbukumbu ya kadi na kupanga foleni ya kazi. Upande wa pili uko nje ya keneli: maktaba zinazopokea maagizo ya OpenGL na Vulkan (lugha ambazo programu huagizia picha) kutoka kwa programu na kuyageuza kuwa lugha ya kadi. Kwa Intel na AMD upande huo wa pili ni Mesa, mradi ambao Brian Paul aliuanza mwaka 1993. Juu ya hapo kuna fimweya, mafaili madogo ambayo kadi hupakiwa inapoamka.

Ndiyo maana mwenye kadi ya AMD iliyotoka juzi akilalamika kwamba haifanyi kazi, simwambii atafute draiva. Namwuliza distro yake ina keneli ya lini, Mesa ya lini, na kifurushi cha fimweya cha lini. Kadi mpya juu ya distro iliyoganda miaka miwili nyuma ni kama mgeni aliyefika kabla barua yake haijafika. Dawa ni kupandisha keneli, Mesa na fimweya kwa njia ya distro yenyewe, au kuchukua toleo jipya zaidi la distro. AMD wana kifurushi chao pia, lakini kwa matumizi ya kawaida na michezo sijaona haja yake. Kinakuhusu zaidi ukiwa na kazi za kukokotoa zinazotumia ROCm, zana za AMD za hesabu nzito kwenye kadi.

NVIDIA ndiko kwenye mazungumzo marefu. Mwaka 2012 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliionyesha kampuni hiyo kidole cha kati hadharani, katika Chuo Kikuu cha Aalto huko Ufini, na kwa miaka mingi wengi wetu tulimwelewa. Mei 2022 upepo ukaanza kugeuka: walitoa moduli zao za keneli zikiwa na chanzo wazi. Hapa watu huchanganyikiwa. Kilichofunguliwa ni upande wa keneli tu. Maktaba za upande wa pili bado zimefungwa kama zamani. Kwa hiyo kifurushi chenye neno "open" kwenye jina lake si kitu kimoja na nouveau, ambayo ni draiva ya jumuiya iliyoanza kuandikwa bila msaada wa kampuni na ambayo distro nyingi huiwasha zenyewe.

Uchague ipi? Kuanzia kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20 kwenda mbele, chukua moduli zilizo wazi. Kwa RTX 50 wala huna hiari, zile zilizofungwa haziitambui. Kwa GTX 900 na GTX 10, moduli zilizo wazi hazifanyi kazi. Tumia zilizofungwa, na tawi lao (mfululizo wa matoleo) la mwisho ni 580. Kadi za Kepler, kizazi cha zamani zaidi, ziliishia tawi la 470. Nouveau naiacha kwa yule anayetaka skrini iwake tu: kwa GTX 900 na 10 haiwezi kupandisha kasi ya kadi, kwa sababu kadi hizo hudai fimweya yenye sahihi (saini ya kidijitali) ya NVIDIA, basi kadi yenye nguvu hubaki ikitambaa.

Kusakinisha kwenyewe ni kufupi. Ubuntu: endesha ubuntu-drivers devices uone inachopendekeza, kisha sudo ubuntu-drivers install. Debian: ongeza contrib, non-free na non-free-firmware kwenye vyanzo vyako vya vifurushi, halafu sakinisha linux-headers-amd64 na nvidia-driver. Fedora: washa RPM Fusion (hazina ya vifurushi ya nje ya Fedora), sakinisha akmod-nvidia, kisha subiri. Nasema subiri kwa sababu moduli hujengwa nyuma ya pazia kwa dakika kadhaa, na mwenye haraka akiwasha upya kabla haijakamilika huamini kila kitu kimeharibika. Amri modinfo -F version nvidia ikijibu kwa namba ya toleo, ndipo uwashe upya.

Kikwazo kinachofuata ni Secure Boot, kinga inayozuia programu zisizoaminika kompyuta inapowaka. Ikiwa imewashwa (mokutil --sb-state itakuambia), keneli hukataa moduli isiyo na sahihi inayoiamini, na utaona "Key was rejected by service". Wakati wa kusakinisha, Ubuntu huenda ikakuomba utunge nywila. Ikikuomba, ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu ya MOK (ufunguo wa mwenye kompyuta). Chagua "Enroll MOK" na uingize nywila ile ile. Skrini hiyo hungoja sekunde chache tu, ukiwa umekwenda kuchota maji imekupita. Tena kibodi pale husoma kwa mpangilio wa Kimarekani, kwa hiyo tunga nywila ya herufi na tarakimu za kawaida, alama za ajabu ziache.

Ukipata skrini nyeusi, jaribu kwanza Ctrl+Alt+F3, ikupe terminali ya maandishi matupu. Mara nyingi mfumo uko hai, ni picha tu haipo. Ikishindikana, kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) bonyeza e, ongeza nomodeset, neno linaloizuia keneli kuwasha draiva ya grafiki, mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, ingia, ondoa ulichosakinisha. Kisha uiondoe nomodeset yenyewe! Nimekuta kompyuta zilizoachwa nayo kwa miezi, mwenyewe akilalamika kwamba Linux ni nzito. Andika glxinfo -B uone: kwenye "OpenGL renderer" pakisomeka llvmpipe, prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imekaa bure.

Laptopu ya kadi mbili kwa kawaida huchora kwa ile ndogo ili kutunza betri, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Programu moja moja ukitaka iende kwenye kadi kubwa ya NVIDIA, tanguliza __NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia mbele ya jina lake. Kama kubwa inatumia Mesa, DRI_PRIME=1 inatosha.

Na siku moja, baada ya sasisho la kawaida, utaandika nvidia-smi, amri ya kuangalia hali ya kadi, ikujibu "Driver/library version mismatch". Hapo ndipo wengi hufuta draiva nzima na kuanza upya. Rudi kwenye zile pande mbili: maktaba zilizo kwenye diski zimeshakuwa mpya, moduli iliyo ndani ya keneli inayoendesha bado ni ya jana. Usifute kitu. Washa upya.