Mabaki ya umakini ni nini?

Mabaki ya umakini ni ile sehemu ya akili inayobaki kwenye kazi uliyoiacha wakati mikono imeshaingia kazi nyingine. Dhana hii ilielezwa na Sophie Leroy, mtafiti anayefanyia kazi Marekani, katika makala ya mwaka 2009. Katika majaribio yake, watu walihamishwa kutoka kazi moja hadi nyingine, na waliokuwa bado wanaifikiria ya kwanza waliifanya ya pili vibaya zaidi. Kinachonata hasa ni kazi iliyoachwa nusu. Iliyomalizwa mbio mbio kabla ya muda uliowekwa huachia akili kwa urahisi zaidi.

Kwa anayefanyia kazi nyumbani Nairobi, jambo hili linabadilisha hesabu ya usumbufu. Mita ya stima ikianza kulia saa nne asubuhi, unaingia M-Pesa, Paybill 888880, unalipa, unangoja ujumbe, unabonyeza tarakimu 20 za tokeni kwenye mita na kelele inakoma. Ni kero, lakini imekwisha. Linganisha na mtungi wa gesi ulioagiza saa hiyo hiyo. Kuagiza kulichukua dakika moja, ila mtu wa boda anapiga simu kuuliza ni geti gani, anasema yuko karibu, kisha kimya. Kwa dakika arobaini unasoma barua pepe huku sikio liko mlangoni. Gesi imekugharimu zaidi ya tokeni, ingawa tokeni ndizo zilizokuinua kitini.

Kwa hiyo shughuli zenye kungoja zisianzishwe katikati ya kazi nzito. Agiza gesi wakati wa chakula cha mchana, au lipa kabisa na umpe anayeleta nambari ya mlinzi wa geti, mradi mlinzi mwenyewe amekubali.

Mengine hayapangiki. Bosi anaitisha mkutano wa video ukiwa katikati ya kulinganisha risiti na taarifa ya benki. Hapo ndipo kikaratasi kinapofaa. Mwaka 2018 Leroy na mtafiti mwenzake Theresa Glomb walionyesha kwamba kuandika kwa ufupi umefikia wapi na utaanzia wapi, kabla ya kuhama, hupunguza mabaki hayo. Haihitaji hata dakika nzima. Mfano:

“Mstari 47. Mafuta 2,350 hayaonekani benki. Nikirudi: angalia tarehe 14, kisha mstari 48.”

Yaani pale ulipofika, kinachokutatiza, na hatua ya kwanza ukirudi. Akili ikishajua kwamba jambo limehifadhiwa mahali, haina haja ya kulishikilia mkutano mzima.

Wengi wanakosea kwa kuandika “malizia risiti” tu. Hilo halisaidii, maana ukirudi itakubidi ufikirie upya pa kuanzia, na akili inalijua hilo tangu unapoondoka. Kosa la pili ni kuandika kwenye simu: ukiifungua unakuta kundi la WhatsApp la familia linajadili michango ya harusi, na sasa una kazi tatu kichwani. Tumia kalamu, pembeni ya kompyuta. Na iandikwe kabla ya kuinuka. Ukisema utaandika baadaye, ile 2,350 imeshapotea.

Kazi ndefu ikatwe vipande vinavyoweza kumalizika: mistari 20 kabla ya saa tano, si “risiti za mwezi mzima leo”. Kati ya mkutano na mkutano acha dakika tano, hata kama kalenda inaruhusu kuzibananisha.

Kikaratasi hakiwezi kila kitu. Mtoto akiwa na homa chumba cha pili, wazo hilo halihamishiki kwenye karatasi. Siku hiyo fanya kazi nyepesi. Siku za kawaida, ukishaupita mstari wa 48, kitupe. Vikaratasi vya jana vikibaki mezani navyo huanza kuvuta macho.