Kent 2025: kura asilimia 37, viti 57

Tangu Mei 2025, swali ninaloulizwa zaidi na Waswahili wenzangu wanaoishi Uingereza ni hili: chama cha Reform UK, cha mrengo wa kulia, kinapataje viti 57 kati ya 81 vya Baraza la Kaunti ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ilhali karibu wapigakura wawili katika kila watatu hawakukitaka? Wengine huuliza moja kwa moja kama kura zilichakachuliwa. Hapana. Kazi yangu ni kuchambua matokeo ya chaguzi, na haya ya Kent nimeyapitia tena na tena. Hesabu ni halali. Kinachonisumbua mimi ni kanuni yenyewe ya kuhesabu.

Siku ya Mei 1, Reform UK walipata asilimia 37 ya kura na viti 57, Liberal Democrats 12, Conservative 5, Green 5, Labour 2. Conservative walikuwa wameshika kaunti hiyo tangu 1997, na uchaguzi wa 2021 uliwapa viti 62. Safari hii hata kiongozi wao wa baraza, Roger Gough, alianguka katani kwake.

Kent haipigi kura kama kapu moja. Imegawanywa katika kata, nyingi zikiwa na diwani mmoja, chache wawili, na mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata akikosa nusu. Chukua kata ya mfano yenye kura 1,000 na vyama vitano: 370, 220, 150, 140, 120. Wa kwanza anachukua kiti. Kura 630 zilizobaki hazimpi mtu chochote. Sasa irudie hali hiyo kata baada ya kata, na asilimia 37 inakuwa asilimia 70 ya viti.

Hapo ndipo Conservative walipoumia. Kwa jumla ya kura walikuwa wa pili, mbele ya Liberal Democrats, lakini kura zao zilitapakaa kaunti nzima na kushika nafasi ya pili huku na huku. Za Liberal Democrats zilijazana mahali pamoja, hasa upande wa Tunbridge Wells, zikazaa viti 12. Vyama viwili vikubwa vilipopishana juu, mfumo huu haukuwa mkali hivi. Vikiwa vitano, unakuwa kama mizani iliyoharibika, na nasema hivyo bila kujali nani kanufaika.

Msomaji wa Kenya asitafute gavana hapa. Kiongozi wa baraza hachaguliwi na wananchi bali na madiwani, ndiyo maana wingi wa viti una uzito wote. Aliyeshika nafasi hiyo baada ya uchaguzi huo ni Linden Kemkaran wa Reform. Baraza lake linasimamia barabara, maktaba, mambo ya shule na matunzo ya wazee na walemavu. Mipaka ya nchi na boti zinazovuka kutoka Ufaransa ni kazi ya serikali kuu, ingawa watoto wanaofika pwani ya Kent bila mzazi huangukia mikononi mwa kaunti.

Jambo moja wengi wetu hawalijui: raia wa Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda anayeishi Uingereza kihalali anaweza kupiga kura hizi, kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Ajiandikishe mapema, na siku yenyewe aende na pasipoti yake. Hiyo hiyo ya nyumbani inakubaliwa kituoni.