Betri inakauka maji? Angalia brashi ya tatu

Wenye magari ya zamani hapa Mombasa huniletea lalamiko lilelile: betri mpya, lakini kila mara inataka maji. Wengi wameshaambiwa betri ni mbovu. Kabla hujanunua nyingine, fungua dainamo, mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, uhesabu brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopokea umeme wake.

Ford Model A ya 1928, kwa mfano, ni gari la volti 6 lenye dainamo ya brashi tatu. Hiyo ya tatu ndiyo inayolisha koili za sumaku. Dainamo ikienda kasi, mkondo wake wenyewe huipinda nguvu ya sumaku, brashi ya tatu ikapata umeme kidogo, na chaji ikashuka. Ni ubunifu wa kupendeza sana, hauna pointi (vipande vya chuma vinavyogusana kupitisha umeme) wala springi ya kurekebisha. Lakini unazuia ampea (wingi wa mkondo), hauzuii volti (msukumo wake). Betri ikijaa bado inasukumiwa chaji, tena volti zake zikipanda sumaku nayo hupata nguvu, na chaji huongezeka kidogo. Ndipo maji yanapochemka. Na waya wa betri ukichomoka injini ikinguruma, volti hazina wa kuzishika: balbu zinaungua, na dainamo pia iko hatarini.

Kile kikebe juu ya dainamo ni katauti tu, kinachozuia betri isirudishe umeme injini ikizimwa. Si regyuleta, yaani kidhibiti cha volti.

Regyuleta ya kweli ni kama boksi la kampuni ya Lucas kwenye Morris Minor na Land Rover za kwanza. Volti zikizidi, koili huvuta pointi zikaachana, umeme wa sumaku ukapitia rizista, kipande kinachopunguza mkondo. Volti zikashuka, pointi zikashikana tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Betri inavyojaa, ampea hupungua zenyewe. Mle ndani mna pia kibati cha metali mbili kinachoshusha volti joto likipanda, kwa sababu betri yenye joto huhitaji volti chache. Kwetu pwani adui wa boksi hili ni chumvi ya hewani. Waya wake wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi ya gari, ukishika kutu, boksi huona volti pungufu na kuchaji kupita kiasi. Mimi huanza kwa kusugua hiyo bolti ya athi, hata kabla ya kugusa pointi.

Kwa brashi tatu, isogeze brashi hiyo kidogo kinyume na mzunguko, chaji ipungue. Na ukienda Malindi mchana, washa taa kubwa njia nzima ili zimeze ampea za ziada.