Hati ya kuondoka jeshini Marekani hurekebishwa

Miongoni mwa wanajeshi wa zamani wa Marekani kuna imani ya miaka mingi kwamba hati ya DD 214, anayokabidhiwa askari anapoondoka jeshini, haiguswi tena ikishatiwa saini, na kwamba nishani au kozi isiyoandikwa humo imepotea moja kwa moja. Si kweli, na inaumiza kuona mtu akiacha kudai haki aliyoitolea jasho kwa sababu ya maneno ya kusikia.

Imani hiyo huenda inatokana na ukweli kwamba karatasi ya awali kwa kawaida haiandikwi upya. Badala yake hutolewa hati ya marekebisho, DD 215, inayoambatanishwa nayo na kutaja kisanduku kinachorekebishwa: cha 13 kwa nishani, cha 14 kwa mafunzo. Uzito uko kwenye ushahidi, kama vile nakala ya amri ya kutunuku nishani, au cheti cha kozi kinachoonyesha jina lake, muda wake na mwezi ilipomalizika.

Tawi la jeshi likikataa kurekebisha, mhusika hujaza fomu ya maombi ya DD 149 na kuipeleka kwa bodi ya marekebisho ya kumbukumbu. Muda wa kuomba ni miaka 3 tangu kosa ligunduliwe, ingawa bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki.

Hata moto wa Julai 1973 katika kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, ulioteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18, haukufunga mlango, kwani baadhi ya taarifa hujengwa upya kutokana na kumbukumbu nyingine, zikiwemo za malipo.