Kalori za Mafuta ya Kupikia na Viungo vya Kulowekea Nyama: Zipimwe Kabla ya Kuingia Sufuriani

Madaftari ya chakula yanayoletwa kliniki ya lishe yanaorodhesha wali, maharage, mchicha na paja la kuku. Mafuta hayaandikwi. Kisha linafuata lalamiko lilelile: wali umepunguzwa, uzito haushuki.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, yawe ya alizeti, mawese, nazi au zeituni. Kijiko cha mezani cha mililita 15 hubeba gramu 14 hivi, yaani kalori zipatazo 120. Dhana kwamba alizeti ni "nyepesi" haina msingi, na maandishi ya "haina kolesteroli" kwenye dumu hayasemi lolote kuhusu kalori. Tumelieleza hili mara nyingi. Angalieni pia kizio kwenye lebo: ukiona 3,700, hizo ni kilojuli (kipimo kingine cha nishati) kwa gramu 100, si kalori; gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Utaratibu wa kupima ni huu. Pima chupa ya mafuta kwenye mizani ya jikoni kabla ya kupika, andika gramu, mimina, kisha pima tena. Tofauti zidisha kwa 9, ugawe kwa idadi ya sahani zilizo sawa. Kama zilitumika gramu 60 kwa sahani nne, kila sahani ina kalori 135 za mafuta peke yake. Ukipimia ndani ya sufuria, irudishe mizani kwenye sifuri sufuria ikiwa tupu na ya baridi.

Kwa chakula kinachozama kwenye mafuta, pima karai pamoja na mafuta kabla ya kuwasha moto, na upime tena yakishapoa na makombo kuondolewa. Maji ya viazi huondoka kama mvuke, hivyo kilichopungua, ukitoa yaliyomwagika, kimeingia kwenye chipsi. Ukijaza karai, mafuta hupoa, viazi huchelewa kuiva na hutoka vimelowa.

Viungo vya kulowekea vina hesabu yake. Ndimu, siki, tangawizi na kitunguu saumu, kwa kiasi cha kawaida, havibadilishi kitu. Kinachobeba kalori ni mafuta, asali (kijiko cha mezani kalori 60 hivi), sukari (50 hivi), mayonezi na tui zito. Kuku kilo moja aliyelowekwa kwa vijiko vinne vya mafuta na kimoja cha asali amebebeshwa kalori 540. Si zote zitaliwa: pima bakuli lenye mchanganyiko kabla ya kutia nyama, kisha pima kilichobaki baada ya kuitoa. Koroga vizuri kwanza, maana mafuta huelea juu na mabaki yanaweza kuwa ndimu tupu. Mishkaki inayopakwa mafuta tena jikoni ihesabiwe upya. Yanayodondokea mkaa hayapimiki nyumbani, basi andika kiasi chote.

Asiye na mizani aandike tarehe kwenye dumu siku analolifungua. Lita 5 zina kalori zipatazo 41,400. Familia ya watu watano ikilimaliza kwa siku 30, wastani ni kalori 276 kwa mtu kwa siku. Kwa siku 20, ni 414. Mafuta yaliyomwagwa yatolewe kwanza kwenye hesabu.

Wajawazito, watoto na wanaotumia insulini wasipunguze chakula kwa hesabu hizi bila kuonana na mtaalamu wa lishe. Njooni na daftari lenye safu ya mafuta, kwa gramu, mlo kwa mlo, kwa siku saba mfululizo.