Korona haikufuta msimu wa 2019/20 katika ligi za chini za Ujerumani

Bado inasemwa kwamba msimu wa 2019/20 ulifutwa. Sivyo. Vyama vingi vya soka vya mikoa viliusimamisha Machi 2020, kisha vikaumaliza kwa hesabu: pointi za timu zikagawanywa kwa mechi ilizocheza. Mwenye pointi 40 katika mechi 20 (2.00) akamzidi mwenye 42 katika mechi 22 (1.91). Kasoro yake ni wazi: hesabu hiyo haijali ulikuwa umebakiza vigogo au vibonde.

Kwa kawaida timu zilipanda bila nyingine kushushwa, ndiyo maana Regionalliga Südwest (ligi ya daraja la nne, kusini-magharibi) ikavimba hadi timu 22, yaani mechi 42 kwa kila timu.

Jimbo la Bavaria lilishika njia yake: liliendeleza msimu uleule Septemba 2020, likaufunga 2021 baada ya soka kusimama tena.

Uliofutwa na vyama vingi ni msimu wa 2020/21. Hata hapo, Regionalliga Nordost (ligi ya daraja la nne, kaskazini-mashariki) ilitumia wastani wa pointi, na Viktoria Berlin, iliyoshinda mechi zake zote 11, ikapanda Ligi ya Tatu. Ilistahili kabisa.